Miaka ya Themanini Iliisha 1994, na Redio Ndiyo Iliyoimaliza

Kuna bango la tafrija ambalo hurudi Dar es Salaam kila mwaka, likibadilisha ukumbi tu. Limeandikwa "Usiku wa Zilipendwa, Miaka ya 80". Pichani kuna kijana mwenye nywele za afro, bugaluu, ile suruali pana chini, inayofagia lami, na raizoni, vile viatu vya soli nene, zilizomwinua kutoka ardhini. Pembeni yake yupo dada wa kimini. Ukiingia ndani, wimbo wa kwanza kupigwa mara nyingi ni wa Mbaraka Mwinshehe.

Mbaraka alifariki Januari 1979, kwa ajali ya gari, akiwa Kenya. Miaka ya themanini hakuiona hata siku moja. Bugaluu na raizoni nazo ni mali ya miaka ya sabini, tena ndizo nguo zilizokuwa zikiwatoa vijana mbio mbele ya Umoja wa Vijana, kwa sababu zilihesabiwa kuwa mavazi yasiyo ya heshima. Kwa hiyo bango linatangaza muongo mmoja na kuonyesha mwingine, na vijana wanaokuja kucheza wanaondoka wakiamini kwamba baba zao walivaa hivyo mwaka 1985.

Mimi linaniuma, kwa sababu miaka hiyo niliiishi na ilikuwa na sura yake. Tena ilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake, ambao haufuati kalenda. Nimebishana jambo hili barazani, misibani, na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu wa zamani kule Magomeni, na msimamo wangu haujasogea. Themanini yetu, kwa maana ya mtindo, muziki na namna watu walivyokaa pamoja, iliisha mwaka 1994. Sababu yake kubwa ni redio.

Nianze na nguo, kwa kuwa ndizo watu huzikumbuka kwanza.

Nusu ya kwanza ya miaka ya themanini hatukuwa na mtindo wa kujivunia, kwa sababu dukani hakukuwa na kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Kagera, vikala fedha za kigeni zilizokuwapo. Mafuta yakapanda bei duniani, mazao yetu yakashuka. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, Urafiki pale Ubungo, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, lakini vilikosa vipuri, pamba ikakosa usafiri, umeme ukakatika. Watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa sabuni ya mche iliyokatwa vipande, kwa sukari ya kilo moja, kwa kitenge kilichotoka kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Kwenye foleni ya vitenge hukuchagua rangi. Ilipofika zamu yako ulichukua kilichopo, na ndiyo maana unaweza kukuta picha ya harusi ya mwaka 1982 ambayo nusu ya wanawake wa ukoo wamevaa ua lilelile bila kupanga sare.

Wanaume wazima walivaa kaunda suti, na zilivaliwa mpaka makalioni zikang'aa. Fundi cherehani aliweza kuifumua suti nzima na kuigeuza, upande wa ndani ukawa wa nje, ikarudi ofisini kama mpya. Viatu vilikuwa katambuga za tairi au malapa ya plastiki yaliyoshonwa kwa uzi wa waya yakikatika.

Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walitupa mabunda ya khanga na katoni za dawa za meno vichochoroni na baharini wakiogopa msako. Sokoine alifariki ajalini Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, na nchi ililia kilio ambacho waliokuwapo hawawezi kukisahau. Miezi michache baadaye ilisomwa bajeti iliyoruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mpaka wa Kenya ulikuwa umeshafunguliwa mwishoni mwa 1983. Hapo ndipo mlango ulipoachia.

Mitumba ikamwagika. Tuliiita kafa Ulaya, na watu wazima walikuwa na kinyaa nayo mwanzoni, wakiamini ni nguo za marehemu. Kinyaa kiliisha haraka. Manzese ikawa ndiyo Paris yetu. Kijana aliyekuwa na suruali moja ya shule alirudi nyumbani na jinzi iliyopaushwa kwa dawa, koti lenye sponji mabegani na shati la maua makubwa. Kwa mara ya kwanza watu wa mtaa mmoja walivaa tofauti, kila mtu na chake, na nadhani hatukuelewa wakati ule ukubwa wa jambo hilo.

Na nywele! Afro ilikuwa imekwisha, ikaja kalikiti. Dawa ilipakwa saluni, nywele zikazungushwa kwenye vibomba, zikatoka mawimbi yanayong'aa, na ili zing'ae zilihitaji mafuta na maji kila siku. Kaka yangu mkubwa alikuwa nayo. Alilala na mfuko wa plastiki kichwani, na bado foronya yake ilikuwa na duara la njano ambalo mama alilisugua kwa jivu bila mafanikio. Kola za mashati yake zote zilikuwa na alama ya mafuta nyuma. Kwenye daladala abiria waliketi wakikwepa kuegemea pale alipoegemea yeye. Alijipangusa shingo kwa leso nyeupe, kwa madaha, na leso hiyo ilikuwa sehemu ya mtindo kama nywele zenyewe. Kalikiti ilidumu vichwani mwa watu mpaka kama mwaka 1992, na kwa wanamuziki wa bendi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ukipima kwa nguo, themanini yetu haikuanza 1980. Ilianza katikati, mitumba ilipoingia, na ikavuka 1990 bila kugeuka nyuma. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba kalenda haitusaidii.

Watu wa siasa wana tarehe zao. Wengi husema themanini iliisha Novemba 1985, Mwalimu Nyerere alipong'atuka na Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia, yule tuliyemwita Mzee Ruksa. Wengine husema 1986, tulipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na shilingi ikashushwa thamani kwa kishindo. Wengine husema Februari 1991, Azimio la Zanzibar lilipolegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, au Julai 1992, vyama vingi viliporuhusiwa kisheria. Zote ni tarehe nzito. Lakini mtu aliyekwenda dansini Jumamosi moja kabla ya Mwalimu kung'atuka na Jumamosi moja baada yake alikuta bendi ileile, wimbo uleule na watu walewale. Ruksa ilibadilisha kilichokuwa dukani. Ilichukua miaka mingine tisa kubadilisha kilichokuwa masikioni.

Na masikioni ndiko themanini ilikokuwa inaishi. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, lakini Bara serikali iliiona kuwa anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba. Tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, pale Barabara ya Pugu. Ilikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara, lakini nyumba ilikuwa moja na sauti zilikuwa zilezile. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilisikika kutoka nyumba ya kwanza ya mtaa hadi ya mwisho. Uliweza kutembea kutoka Magomeni Mapipa mpaka Magomeni Mikumi bila kukosa neno moja la msomaji, kwa sababu kila dirisha lilikuwa limefungulia kitu kilekile. Kilikuwapo kipindi cha watoto cha Mama na Mwana, na Debora Mwenda aliwalea watoto wa nchi nzima kwa sauti yake. Pwagu na Pwaguzi waliwafanya wazee wacheke mpaka wakafuta machozi. Matangazo ya vifo yalisomwa, na watu waliacha walichokuwa wakifanya kusikiliza kama limetajwa jina la mtu wao.

Betri zilikuwa ghali na adimu. Nyumbani kwetu redio ilikuwa National, na betri zake zikichoka hazikutupwa. Zilianikwa juani juu ya bati la choo tangu asubuhi, zikipata moto zilirudishwa ndani na redio ikasema tena kwa saa moja au mbili. Zikigoma kabisa, ziling'atwa. Ukiokota betri kuukuu jalalani miaka ile ulikuta alama za meno. Nguvu hiyo iliyotoka juani iliwekewa akiba: haikuruhusiwa kuwasha redio ovyo mchana, ili baba akija asikose habari na dada zangu wasikose vipindi vya muziki. Redio ilikuwa na ratiba nasi tukawa na ratiba yake.

Muziki uliopigwa humo ulikuwa wetu karibu wote. Hatukuwa na kiwanda cha sahani za santuri, na mpaka ulipofungwa bendi zikakosa njia rahisi ya kwenda kurekodi Nairobi. Studio ya RTD ndiyo ikawa mlango pekee wa maana. Bendi iliitwa, ikapeleka mashairi yakapitiwa, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, watu wote wakipiga kwa pamoja, na mkanda ukabaki pale pale redioni. Wimbo ukipita huko, wiki hiyohiyo uliimbwa Mtwara na Bukoba. Ukikataliwa, ulibaki wa watu waliolipa kiingilio ukumbini.

Sasa, bendi zenyewe zilikuwa za nani? Hili vijana wengi hawalijui na ndilo linaloeleza kila kitu. Zilikuwa za mashirika. Juwata Jazz ilikuwa ya Jumuiya ya Wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana wa CCM. Mlimani Park ilianzia mwaka 1978 chini ya shirika la teksi na usafiri, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Tancut Almasi ya Iringa ilikuwa ya shirika lililokata almasi. Polisi walikuwa na yao, jeshi, JKT na Magereza vilevile. Zilikuwapo za watu binafsi pia, na kubwa: Maquis Original waliotoka Zaire, wakiwa White House Ubungo na baadaye Lang'ata Kinondoni, na Safari Sound kule Kimara. Lakini uti wa mgongo ulikuwa wa umma. Magitaa yalikuwa mali ya shirika. Mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, sare na likizo.

Ndiyo maana bendi ya themanini ilikuwa na watu wengi jukwaani: waimbaji wanne au watano, solo, rithimu, gitaa la pili, besi, ngoma, tumba, saksafoni, tarumbeta mbili. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu angelipa mishahara hiyo kwa kiingilio cha bar. Shirika lililipa. Na kwa kuwa walilipwa wote kwa pamoja mwaka mzima, walikuwa na muda wa kufanya mazoezi mchana kila siku, na ule mpangilio wa magitaa matatu yanayosemezana bila kugongana ukazaliwa humo. Mwanzo wa wimbo ulikwenda taratibu, kisa kikasimuliwa: talaka, deni, mke aliyekimbia, barua kutoka kijijini. Kisha sauti za waimbaji zikanyamaza, tarumbeta zikaingia, na wimbo ukachemka. Wacheza dansi walijua hasa pa kuachiana mikono.

Nilipata bahati ya kuwaona Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, pale DDC Kariakoo nikiwa kijana, nimejipenyeza na kaka. Nilisimama karibu na kiongozi wao, Michael Enoch, King Michael. Hakuwa akitazama watu. Alikuwa akitazama vidole vya wapiga gitaa wake, mmoja baada ya mwingine, na mpiga rithimu alipochelewa kwa nukta tu aligeuza kichwa kidogo, na rithimu ikarudi mahali pake. Hassan Bitchuka alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, macho yamefumbwa. Mama mmoja aliinuka mezani, akaenda kumtunza noti kwenye kipaji cha uso, akarudi kuketi akilia. Bitchuka hakufumbua macho.

Ushindani wa Sikinde na Msondo, yaani Juwata Jazz, ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Muhiddin Maalim Gurumo alipotoka Juwata kwenda Mlimani Park mwaka 1978, na baadaye kwenda Safari Sound kuanzisha mtindo wa Ndekule, kisha kurejea Msondo, mitaa iligawanyika. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alisimulia visa ambavyo watu waliamini ni vya kweli na wakawatafuta wahusika. Na kwa kuwa redio ilikuwa moja, ugomvi wote huu ulikuwa wa taifa zima. Mwalimu wa Songea na mvuvi wa Ukerewe walikuwa na maoni juu ya nani kamzidi nani. Huo ndio ninaouita utamaduni wa miaka ya themanini: nchi ya watu wa makabila zaidi ya mia moja wakisikiliza wimbo mmoja kwa wakati mmoja, na kesho yake wote wana la kusema juu yake.

Ulianza kufa kabla ya 1994, sikatai. Mashirika yalianza kuyumba, na shirika likikosa mishahara ya wafanyakazi wa kiwandani halitanunua nyuzi za gitaa. Juwata ikawa OTTU mwaka 1991 na bendi ikabadilisha jina tena, ile iliyoanza kwa jina la NUTA mwaka 1964. Baadaye ikabaki Msondo Ngoma, yenyewe, bila shirika mgongoni. Kanda za kaseti zikaanza kunakiliwa Kariakoo. Video zikaingia majumbani na sinema zikaanza kukosa watu. Drive-in ya Msasani, tuliyokuwa tukiitazama kwa mbali bila sauti, ilikufa, na leo pale pana Ubalozi wa Marekani. Hemed Maneti wa Vijana Jazz alifariki mwaka 1990. Mwaka 1991 Saleh J alitamba kwa kughani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Marekani, na wadogo zangu wakaacha kuniuliza habari za Sikinde.

Kisha ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mwishoni mwa muongo ule hakukuwa na ukoo ambao haujaguswa. Dansi la usiku kucha lilianza kutazamwa kwa hofu. Kwenye picha za wacheza dansi wa 1986 nilizobaki nazo, ninaweza kuwaonyesha kidole waliokwenda. Remmy Ongala alitunga wimbo wa kuhimiza kondomu na RTD haikuupiga. Watu waliujua hivyohivyo. Sitaki kulipita jambo hili haraka kama vile ni moja katika orodha. Liliondoa watu wenyewe, waimbaji na wachezaji, wale ambao leo wangekuwa na umri wa kusahihisha lile bango.

Lakini pamoja na yote hayo, mwaka 1993 ulikuwa bado ukiingia mtaani kwetu saa mbili usiku unasikia sauti moja. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya utangazaji iliyoruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 vikaja kwa mpigo: Radio One na ITV za Reginald Mengi, na vituo vingine vya televisheni jijini. Sauti ya FM ilikuwa safi mno. Tulizoea RTD inayokwenda na kurudi kama wimbi, ikiingiliwa na Kiarabu usiku. Radio One ilikuwa kama mtu kaketi chumbani mwako. Tena watangazaji wetu walihamia huko: Julius Nyaisanga, Uncle J, alikwenda, Charles Hilary alikwenda. Sauti ulizokua nazo sasa zilikuwa zinatangaza muziki ambao hukuukulia.

Ndani ya miezi michache nyumba yetu ilikuwa na redio mbili. Sebuleni mama alibaki na RTD. Chumba cha uani wadogo zangu walikuwa na Radio One, na nyimbo za Marekani na za kizazi kipya cha kwetu zikawa zinavuja chini ya mlango. Saa mbili ikifika mama alipandisha sauti, na wao walipandisha ya kwao. Hawakuwa wakorofi. Walikuwa na la kwao la kusikiliza, jambo ambalo sisi katika umri huo hatukuwahi kuwa nalo. Mtaani hali ikawa hiyohiyo: dirisha hili habari, dirisha lile muziki, na kwa jirani mwenye uwezo televisheni, watoto wamejazana mlangoni pake. Bar zikapachika televisheni ukutani. Mtu aliyekwenda kunywa akawa na cha kutazama bila kulipia bendi, na mwenye bar akapiga hesabu zake.

Marijani Rajabu alifariki Machi 1995. Novemba mwaka huo Mzee Mwinyi akakabidhi nchi kwa Benjamin Mkapa. Ukiziweka tarehe hizo pamoja unaona mlango ukifungwa, lakini kufuli ilikuwa imeshawekwa mwaka mmoja kabla.

Shemeji yangu wa Njombe hanikubalii. "Shemeji, nyie watu wa Dar mnafikiri nchi ni Kinondoni," ananiambia. Ana hoja. Vituo vipya vilianzia jijini, na kwao RTD iliendelea kuwa redio pekee ya kueleweka kwa miaka kadhaa zaidi. Yeye alioa mwaka 1997 na harusi yake ilichezwa kwa kanda za Tancut Almasi na Sikinde kuanzia jioni mpaka asubuhi, na hakuna mtu aliyeziona kuwa za zamani. Anasema kwao themanini iliisha karibu na mwaka 2000. Nimelifikiria sana na nadhani linaitia nguvu hoja yangu: themanini iliisha mahali fulani siku redio ya pili ilipofika mahali hapo. Kwa mjini ni 1994. Kwa Njombe weka mwaka wake. Kwa Nairobi, ambako KTN ilianza kurusha matangazo mwaka 1990 na redio za FM za binafsi zikafuata mwaka 1996, watu wa huko wataje wenyewe, wana historia yao ya jaribio la mapinduzi la 1982 na ya maandamano ya Saba Saba ambayo mimi sina haki ya kuwasemea.

Wapo wanaoisikia hoja hii wakadhani naomboleza redio moja ya serikali. Sivyo. Mashairi yaliyokataliwa yalikuwapo, na habari ambazo hatukuambiwa zilikuwapo. Wadogo zangu walipata uhuru, na kutokana na uhuru huo wakapata muziki wao, ule ambao leo unapigwa Lagos na London. Ninachodai ni kwamba tukubali kuwa kitu fulani mahususi kilikuwapo, kilikuwa na gharama zake na walipaji wake, na kilikwisha kwa sababu zinazoweza kutajwa. Tukikichanganya na bugaluu, waliokijenga wanapotea mara ya pili.

Maana malipo yao yalikuwa madogo. Mshahara wa shirika ulitosha kula, na mikanda ikabaki redioni. Sheria ya hakimiliki iliyotuletea COSOTA, chombo cha kusimamia haki za wasanii, ni ya mwaka 1999, wakati wengi wao walikuwa wamekwishazeeka au kufa. Mwaka 2013 Gurumo alipotangaza kustaafu, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani, hakuwa na gari, na aliyemzawadia gari alikuwa Diamond Platnumz, kijana wa muziki uleule uliozaliwa na zile redio mpya. Mzee alifariki Aprili mwaka uliofuata. Nilimheshimu sana Diamond siku ile, na nikajisikia vibaya kwa ajili yetu sisi wa rika la kati, tuliocheza nyimbo za mzee yule ujanani kwetu kote.

Mikanda ya RTD bado ipo, sasa chini ya TBC, na kila mkanda una bendi, wimbo na watu waliopiga siku ile. Wanaoandaa usiku wa zilipendwa ningewaomba jambo moja lisilogharimu kitu: kabla ya wimbo kuanza, mtangazaji ataje mwaka uliorekodiwa, kisha nani yuko kwenye solo, nani rithimu, nani besi, na nani anapuliza tarumbeta. Bango libadilishwe pia. Wamweke kijana mwenye kalikiti, koti la sponji mabegani, na leso nyeupe shingoni.